Mashine ya kufulia yenye alama ya kuvuja: ikague Kashikishi kabla ya kuirudisha

KASHIKISHI, Nchelenge – Mashine ya kufulia imenunuliwa Dar es Salaam ikiwa mtumba safi. Imejaribiwa dukani ikazunguka vizuri. Imesafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma, imelipiwa ushuru Nakonde, ikapita Kasama, Luwingu, Mansa, Mwense na Mwansabombwe mpaka mwambao wa Ziwa Mweru. Mteja anaiunganisha nyumbani kwake, inafua dakika chache, kisha inasimama. Pampu inanguruma bila kukoma, mlango haufunguki, na kioo kidogo cha mbele kinaandika herufi ambazo hakuna anayezielewa, kwa sababu kitabu cha maelekezo kilibaki kwa mwenye mashine wa kwanza.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mteja anadai fedha zake. Muuzaji anamlaumu dereva. Dereva anasema yeye alibeba mzigo uliofungwa na hakuufungua. Kama mteja yuko ng'ambo, Pweto au Kilwa ya Kongo, kuirudisha mashine ni nauli ya boti nyingine, wapagazi wengine na maelezo mengine mpakani. Mara nyingine faida yote ya safari inaishia hapo.

Makala haya yanaeleza maana ya alama ya kuvuja, namna ya kutafuta chanzo chake nyumbani bila vifaa vya karakana, na mambo ambayo msafirishaji anaweza kuyafanya ili alama hiyo isionekane kabisa. Ukaguzi wenyewe huchukua muda wa saa moja hivi, na vitu vya kuangalia kwanza ni vya bei ndogo: mpira, kifuniko, sabuni na bolti.

ALAMA HIYO INATOKA WAPI

Alama ya kuvuja haina maana kwamba mashine imekufa. Maana yake ni kwamba mashine imehisi maji mahali pasipotakiwa kuwa na maji, au imeona maji yakipungua ndani yake wakati yenyewe haijayatoa, ikaamua kujizuia isije ikafurika nyumba.

Mashine nyingi za kupakia nguo kwa mbele, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya, zina sinia chini kabisa, chini ya pampu na mipira yote. Ndani ya sinia hilo kuna boya dogo. Wavuvi wa Mweru hawahitaji maelezo marefu juu ya boya: maji yakijaa, boya linapanda. Likipanda linabonyeza swichi, na swichi inaiambia bodi ya umeme ifunge maji na kuwasha pampu. Ndiyo maana mashine yenye alama hii mara nyingi husikika ikipampu hata kama imesimama kufua.

Aina nyingine hazina boya. Zenyewe hupima kina cha maji ndani ya pipa. Kina kikishuka ghafla bila sababu, zinaandika alama ileile ya kuvuja, hata kama hakuna tone lililodondoka sakafuni. Hili tutalirudia kwa sababu ni muhimu kwa nyumba zisizo na bomba maalumu la maji machafu.

Mashine za mapipa mawili zinazouzwa sana kwa bei nafuu hazina alama yoyote. Hizo zikivuja zinavuja tu, na utaona maji kwa macho.

ALAMA ZA KUVUJA KWA AINA ZINAZOJULIKANA

- LG: AE, na kwa baadhi ya mashine E1.
- Samsung: LE au LE1, mashine za baadaye huandika LC au LC1.
- Bosch na Siemens: E23.
- Electrolux, AEG na Zanussi: EF0.
- Miele: neno Waterproof, kwa maandishi au kwa taa.

Uwe mwangalifu usichanganye. LE kwenye Samsung ni habari ya maji, lakini LE kwenye LG ni habari ya mota. Mfanyabiashara asiyejua tofauti hiyo anaweza kuagiza mota kutoka Lusaka kwa ajili ya mashine iliyohitaji washa ya mpira tu. Vilevile, kwenye LG alama ya IE ina maana maji hayaingii, OE maji hayatoki, na FE maji yamezidi. Kwenye Samsung, 4E au 4C ni maji kutoingia na 5E au 5C ni maji kutotoka. Hizo si alama za kuvuja na matengenezo yake ni mengine.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Kwanza kata umeme. Kama sakafu imelowa, usiende kuchomoa plagi huku umesimama ndani ya maji. Zima kwenye swichi kuu ya nyumba kwanza, ndipo uchomoe.

Pili, funga koki ya maji.

Tatu, subiri. Kama mashine ilikuwa ikifua kwa maji ya moto, ipe muda ipoe. Maji yaliyobaki ndani yanaweza kukuunguza.

Nne, toa maji yaliyobaki. Mashine nyingi za mbele zina kidirisha kidogo chini, upande wa kulia au wa kushoto. Ndani yake kuna chujio la pampu, na aina nyingi zina mpira mwembamba wa kutolea maji. Weka beseni la chini au sahani pana, utoe maji kupitia mpira huo. Kama hakuna mpira, legeza chujio pole pole, maji yatoke kidogo kidogo. Weka matambara ya kutosha.

KUKAUSHA SINIA

Alama haitaondoka kama boya bado linaelea. Hata ukizima na kuwasha mara kumi, itarudi. Kwa hiyo sinia lazima likaushwe.

Kama unaweza kufikia sinia kwa kufungua ubao wa chini wa mbele au wa nyuma, nyonya maji kwa sponji au kitambaa. Kama haiwezekani, watu wawili waiinamishe mashine kuelekea nyuma taratibu, mmoja akiishika mbele na mwingine akiipokea nyuma, maji yamwagike. Usiilaze kifudifudi na usiibinue ubavu, kwa sababu maji yanaweza kufika kwenye mota au kwenye bodi ya umeme. Kumbuka kwamba mashine ya mbele mara nyingi ina uzito wa kilo 60 hadi 75. Mtu mmoja asijaribu peke yake.

Sinia likikauka, acha mashine bila umeme kwa dakika kadhaa, kisha iwashe bila kuweka nguo. Matokeo ni mojawapo ya haya mawili:

1. Alama imerudi papo hapo huku sinia likiwa kavu. Basi hakuna uvujaji. Boya limekwama kwa uchafu au swichi yake au waya wake una matatizo. Safari ndefu yenye vumbi inaweza kuleta hali hii. Safisha boya, hakikisha linapanda na kushuka kwa uhuru.

2. Alama haionekani. Basi yalikuwapo maji, na sasa kazi ni kujua yalitoka wapi.

MAJI SAFI AU MAJI YA SABUNI?

Kabla ya kumwaga maji ya kwenye sinia, yaangalie na uyanuse. Upande wa Nchelenge watakuambia ni amenshi, upande wa Pweto watakuambia ni mayi, lakini swali ni lilelile: ni safi au yana sabuni?

Maji safi yanatoka upande wa kuingilia: koki, mpira wa kuleta maji, au valvu iliyo mgongoni mwa mashine. Maji yenye sabuni au povu yanatoka upande wa ndani: droo ya sabuni, mpira wa mlango, pipa, pampu au mpira wa kutolea maji machafu.

Jambo la pili ni wakati. Tandika maboksi yaliyokatwa au magazeti makavu chini ya mashine na pembeni yake. Endesha mzunguko wa kusuuza bila nguo na bila sabuni. Kaa karibu na uangalie boksi linaanza kulowa wakati gani na upande gani:

- Linalowa hata mashine ikiwa imezimwa: koki, mpira wa kuleta maji au valvu.
- Linalowa wakati maji yanaingia: maunganisho ya mpira, valvu au droo ya sabuni.
- Linalowa wakati pipa linazunguka taratibu: mpira wa mlango, au mpira wa ndani unaounganisha pipa na pampu.
- Linalowa wakati maji yanatoka: chujio, pampu au mpira wa maji machafu.
- Linalowa wakati wa kukamua kwa kasi tu: kitu kilicholegea ndani ambacho kinaachia mashine ikitikisika, au sili ya beringi.

Andika ulichokiona. Fundi akija, maelezo haya yatampunguzia kazi na wewe yatakupunguzia gharama.

MAMBO YA BEI NDOGO YAANGALIWE KWANZA

Mpira wa maji machafu uko chini mno. Hili ndilo jambo la kwanza kuangalia katika nyumba ambayo mpira umetupwa tu uani au kwenye mfereji. Mpira ukilala chini, maji yanajivuta yenyewe na kutoka wakati mashine bado inafua. Mashine inaona kina kinashuka na inaandika alama ya kuvuja au inajaza maji bila kushiba. Mpira huo unatakiwa upande juu, kwa kawaida kati ya sentimeta 60 na 90 kutoka sakafuni, kabla ya kushuka. Utundike ukutani au kwenye ukingo wa karo, uufunge kwa kamba usidondoke.

Washa ya mpira haipo. Mashine inapochomolewa kwa mwenye wa kwanza, washa ndogo iliyo ndani ya nati ya mpira hudondoka na kupotea. Fungua nati, uangalie pande zote mbili. Kama haipo au imekauka, weka nyingine. Usiibadilishe kwa kukaza sana kwa spana. Nati ni ya plastiki na itapasuka. Utepe mweupe wa mafundi bomba unasaidia kwenye nyuzi za koki, hauwezi kufanya kazi ya washa.

Chujio la pampu halikukazwa. Aliyelifungua Dar es Salaam kutoa maji kabla ya safari huenda alilirudisha nusu. Safisha nyuzi zake na kifuniko, ondoa mchanga na nywele, ukaze kwa mkono mpaka mwisho.

Sabuni imezidi. Sabuni ya unga iliyotengenezwa kwa kufulia kwa mkono hutoa povu jingi. Povu hupanda kwenye droo na kwenye mfereji wa hewa, hushuka hadi kwenye sinia na kuliinua boya. Endesha mashine tupu kwa maji matupu mpaka povu liishe. Baada ya hapo mteja atumie sabuni ya mashine, au kama haipatikani, vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya kawaida na si kikombe kizima.

Droo imeziba. Ichomoe yote, uisafishe pamoja na tundu lake. Maji yakikutana na sabuni iliyoganda hurudi mbele na kuchuruzika ndani ya bati.

Mpira wa mlango una uchafu. Nyumba za mwambaoni zina mchanga, na mchanga hukaa katika mikunjo ya mpira wa mlango pamoja na nyuzi za vitenge, sarafu na magamba ya samaki. Panua mikunjo yote, uifute, hasa ya chini. Pitisha kidole ukitafuta mpasuko. Futa na kioo cha mlango pale kinapogusana na mpira.

MASHINE ZA BOSCH NA SIEMENS ZENYE BOKSI KWENYE KOKI

Baadhi ya mashine hizi zina mpira mnene wenye boksi la plastiki upande wa koki. Jina lake ni Aquastop. Ndani ya boksi mara nyingi kuna valvu ya umeme, na waya wake umepita ndani ya mpira. Usiukate mpira huo kuufupisha, usiuunge, na usilitumbukize boksi majini. Ziko pia zisizo na umeme, zenye kidirisha ambacho hugeuka kuwa chekundu pindi mpira wa ndani ukipasuka. Huo ukishageuka hautengenezeki, hununuliwa mwingine.

SHINIKIZO LA MAJI LA TANGI

Nyumba nyingi hutegemea tangi lililoinuliwa. Hesabu yake ni rahisi: kila mita 10 za kimo cha maji hutoa shinikizo la karibu bar 1. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 3 linatoa karibu bar 0.3 tu, wakati mashine nyingi zinahitaji kuanzia bar 0.5 hadi 1. Maji yakiwa na nguvu ndogo, mashine huandika kwamba maji hayaingii. Aidha, valvu nyingi hutumia nguvu ya maji yenyewe ili kujifunga vizuri. Nguvu ikiwa ndogo, valvu inaweza kubaki ikidondosha maji polepole ndani ya pipa hata mashine ikiwa imezimwa. Mteja atasema mashine inavuja, kumbe ni tangi liko chini. Muulize mteja habari za tangi kabla ya kumuuzia.

Maji ya ziwani au ya kisima yenye mchanga huziba kichujio kidogo kilicho kwenye mdomo wa valvu, na chembe ya mchanga ikipenya, valvu haifungi. Funga koki, fungua mpira, ukitoe kichujio hicho kwa koleo, ukioshe, ukirudishe.

SAFARI NDIYO INAYOHARIBU

Sasa tuje kwa wasafirishaji. Pipa la mashine ya mbele halikufungwa kwenye bati. Linaning'inia kwa springi na kushikiliwa na shokapu, na limeongezewa vipande vizito vya zege ili lisirukeruke wakati wa kukamua. Mfumo huu ni mzuri nyumbani na ni mbaya kwenye lori. Kila shimo la barabara linalirusha pipa zima pamoja na zege lake. Kilomita mia chache za namna hiyo zinatosha kuchomoa mpira wa ndani, kuvunja shokapu, kupasua zege au kulipasua pipa lenyewe. Mashine kwa nje inabaki inang'aa.

Watengenezaji walilijua hilo. Kila mashine mpya ya mbele hutoka kiwandani ikiwa na bolti ndefu za safari, kwa kawaida 3 au 4, zilizopita mgongoni na kulishika pipa lisicheze. Mwenye wa kwanza alizitoa alipoifunga mashine nyumbani, na mara nyingi alizitupa. Mtumba unasafiri bila bolti, na hapo ndipo alama ya kuvuja ya Kashikishi inapozaliwa.

Mambo ya kufanya wakati wa kupakia:

1. Muulize muuzaji bolti ziko wapi. Kama zipo, zirudishwe kabla ya kupakia.

2. Kama hazipo, tafuta bolti zinazolingana na nyuzi pamoja na bushi zake kwa wauzaji wa vipuri. Ikishindikana kabisa, fungua bati la juu na ujaze mablanketi, sponji au magodoro yaliyokatwa kati ya pipa na ubavu wa bati, pande zote nne, mpaka pipa lisitikisike likisukumwa kwa mkono. Bandika karatasi ya onyo ili mteja asiwashe mashine kabla ya kuyatoa.

3. Toa maji yote kupitia chujio. Maji yaliyobaki humwagika ndani mashine ikiinamishwa.

4. Isafiri imesimama wima. Usiweke magunia juu yake.

5. Kamba isipite juu ya mlango, na isikandamize mipira ya mgongoni kati ya bati na ubao wa gari. Mpira uliokunjwa siku tatu hupasuka pale pale palipokunjwa.

6. Ifunike kwa turubai dhidi ya mvua na vumbi.

7. Usiiweke ghala moja na dagaa wakavu. Harufu ya chisense huvuta panya, na panya hutafuna mipira na nyaya.

Wapagazi waambiwe wasiishike kwa mlango, kwa droo wala kwa bati la juu. Ishikwe chini. Kwa wanaovusha kwenda kisiwa cha Kilwa, Isokwe au upande wa Kongo, mashine ikae katikati ya boti, wima, imefungwa, na ifunikwe kwa turubai hata siku ya utulivu, maana maji yanayorushwa na mawimbi huingia kwenye matundu ya mgongoni.

Mashine ikishafika, kosa la pili ni kinyume cha la kwanza: kuiwasha bolti zikiwa bado ndani. Itaruka sakafuni kwa kishindo na inaweza kuharibika siku hiyo hiyo. Toa bolti zote, ziba matundu kwa vifuniko vyake, na mpe mteja bolti ndani ya mfuko azitunze. Siku akihama au akiiuza zitahitajika.

WAKATI WA KUMWITA FUNDI

Simama na umwite fundi kama ukiona haya: madoa ya kutu au maji ya kahawia nyuma ya pipa, karibu na gurudumu la mkanda, pamoja na mngurumo mkubwa wakati wa kukamua, pipa lililopasuka, zege lililovunjika, au maji yaliyofika kwenye bodi ya umeme. Kuvuja kwa nyuma pamoja na mngurumo ni dalili ya sili na beringi. Kazi hiyo hutaka pipa lifunguliwe lote, na baadhi ya mapipa yameunganishwa kiwandani kwa namna isiyofunguka bila kukatwa.

Kabla ya kuagiza kipuri Lusaka, Ndola, Lubumbashi au Dar es Salaam, piga picha lebo ya mashine. Kwa Bosch na Siemens tafuta namba iliyoandikwa E-Nr, huwa kwenye ukingo wa mlango. Kwa nyingine angalia mgongoni au ndani ya mlango. Bila namba kamili utaletewa kipuri kinachofanana lakini hakiingii.

Usikubali fundi akate waya wa boya ili alama iondoke. Alama itaondoka kweli, lakini maji yataendelea kujaa chini, karibu na nyaya za umeme, na hakuna kitakachoyazuia. Mashine ya namna hiyo ukiiuza, umemuuzia mteja hatari.

Jambo jingine la kumweleza mteja: kinga ya kuvuja ya boya na pampu inafanya kazi umeme ukiwepo tu. Mwaka 2024, ukame uliposhusha maji ya Kariba, Zambia ilipitia mgao mkali wa umeme wa saa nyingi kwa siku. Umeme ukikatika, pampu haiwezi kutoa maji yanayovuja. Kwa hiyo koki ifungwe kila baada ya kufua, na mashine isiachwe ikifua nyumba ikiwa haina mtu.

Hakikisha pia umeme wa mashine unalingana na wa hapa. Zambia inatumia volti 230 na hezi 50. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani ni ya volti 100, na nyingi za Marekani ni za volti 120 na hezi 60. Hizo zisinunuliwe kwa soko hili hata zikiwa rahisi.

NANI ALIPE?

Ugomvi mwingi unazuilika kwa karatasi moja inayosafiri na mzigo. Iandikwe aina na namba ya mashine, bolti ngapi zimefungwa, maji yametolewa au la, na hali ya bati na mipira. Mwenye mzigo na dereva au utingo watie sahihi wakati wa kupakia. Mzigo ukifunguliwa mpakani kwa ukaguzi, iandikwe. Ukishushwa Kashikishi, mpokeaji ahesabu bolti mbele ya dereva kabla gari halijaondoka.

Bolti zikiwa zimefungwa na bati halijabonyea, dereva ana utetezi. Mashine ikiwa imepakiwa bila bolti kwa hiari ya mwenye mzigo, mwenye mzigo amejibebea hasara yake. Bati likiwa limebonyea na halikuwa hivyo wakati wa kupakia, msafirishaji ana maswali ya kujibu.

Kwa muuzaji wa dukani, njia salama ni kuijaribu mashine kwa maji mbele ya mnunuzi, mzunguko mfupi, juu ya boksi kavu, kisha kuandika kwenye risiti kwamba imejaribiwa. Usitegemee bango la "mali ikiuzwa hairudishwi". Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Mlaji ya Zambia, Na. 24 ya mwaka 2010, inakataza duka kuweka tangazo la kumnyima mlaji haki zake, na bango hilo halitakusaidia mbele ya mamlaka.

KWA KIFUPI

Mashine ikiandika alama ya kuvuja: kata umeme, funga koki, toa maji, kausha sinia, angalia kama maji ni safi au ya sabuni, inua mpira wa maji machafu, kagua washa, chujio, sabuni, droo na mpira wa mlango, kisha ijaribu juu ya maboksi makavu. Alama isiporudi, umeokoa safari nzima. Ikirudi, tayari unajua inavuja wapi na wakati gani, na hilo ndilo fundi atakalokuuliza kwanza.

Na kwa msafirishaji neno ni moja: usiondoke na mashine ya kufulia kabla ya kuhesabu bolti zake.